Jiwe la Koko kwenye Mlango wa Mugiriki

Binti yangu anaishi Ulaya, ana mume na watoto wawili wadogo. Siku tatu zilizopita amenitumia foto kwenye telefone. Amewapeleka watoto kupumzika kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki, mwezi huu wa baridi, wakati wenye kupenda jua wamekwisha kurudi kwao na nyumba ziko wazi. Nyumba nyeupe, ngazi za mawe, bahari nyuma. Na kwenye foto ya mwisho mjukuu wangu wa miaka mitano amesimama mlangoni, anaosha miguu ndani ya jiwe lenye shimo katikati, anacheka mpaka meno yote yanaonekana.

Nilitupa telefone kitandani. Usinicheke, rafiki yangu. Nilikasirika, mimi mwanamke mzee, nyumbani kwangu hapa Goma. Binti akaandika, "Mama, mbona haunijibu? Haujapenda foto?" Mpaka sasa sijamjibu. Nitakuambia wewe kwanza, halafu nitamjibu yeye.

Sisi pia tulikwenda kupumzika kwenye kisiwa, na kisiwa chenyewe kilikuwa cha Mugiriki. Ilikuwa miaka ile ya sitini, uhuru ungali mchanga. Tulikaa Mushaki, na baba yangu alikuwa shofere wa kamiyo ya mfanyabiashara mmoja ambaye watu wote walimwita Mugiriki, sijawahi kumsikia akiitwa jina lingine. Baba alipakia maharagwe kwetu milimani, akateremka nayo hadi Walikale, akarudi na mawese. Ukisikia harufu ya mawese barabarani, ulijua baba amefika kabla ya kusikia mlio wa kamiyo. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilimpenda baba kupita vitu vyote. Alikuwa anaimba akiendesha, na akipita shuleni kwetu alipiga honi mara mbili kwa ajili yangu, mwalimu akinuna.

Mwaka ule mvua ilikuwa ya kichaa. Barabara ilikatika huko mbele ya Kashebere, kamiyo haikuweza kupita, na Mugiriki akampa baba konje, likizo ya majuma mawili. Tena akampa kitu kingine ambacho baba alikuja kukitangaza nyumbani akiwa amevua kofia. Mugiriki alikuwa na nyumba ya kupumzikia, kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa, kule Masisi ndani. Wazungu walikwenda huko wakati wa kiangazi, kuogelea na kunywa. Wakati wa mvua hakuna mtu. "Nendeni mukakae, mupashe nyumba moto, mutazame kama mabati inavuja," ndivyo alivyoambiwa.

"Sisi pia tunaenda vakansi!" baba akasema. Akambeba mama akamzungusha, mtoto mchanga akiwa bado mgongoni.

Mama hakucheka sana. Kisiwa kile kilikuwa kwao. Koko, yaani mama yake mama, alizaliwa pale, yeye na dada zake. Zamani, wakati wa Wabeleji, watu wa kisiwa waliambiwa wahame kidogo kwa sababu ya ugonjwa, watarudi. Walipotaka kurudi wakamkuta Mugiriki na karatasi mkononi. Hivyo tu. Sisi watoto hatukujua chochote, mama alitueleza baadaye, na mpaka leo nikifikiria neno lile "kidogo" damu inanipanda.

Tulivuka kwa mtumbwi mvua ikinyesha, mimi, wadogo zangu wawili, mama na mtoto, baba na magunia ya viazi. Lo! Nyumba ilikuwa ya ajabu kwetu. Sakafu ya simenti nyekundu inayoteleza, madirisha ya vioo, barza pana mbele. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na ufunguo wake alikuwa nao Mugiriki mwenyewe, kwa hiyo tulipita mlango mmoja tu wa mbele. Na mbele ya mlango ule, kama ngazi, kulikuwa na jiwe kubwa jeusi lililoshikwa na simenti pande zote. Katikati lilikuwa limeingia ndani, laini kama bakuli, na mvua iliyoingizwa na upepo ililijaza maji.

Baba akatuonyesha. "Osheni miguu hapa. Musichafue nyumba ya watu."

Tulifurahi mno! Tulikimbia kwenye matope makusudi tupate kurudi kuosha miguu. Wadogo zangu walipigana nani aanze. Niliweka nyayo zangu mbili ndani na zilitosha kabisa, maji yalikuwa baridi na jiwe lilikuwa laini chini ya vidole. Mchana tulikula viazi vya kuchoma na samaki wadogo aliowavua baba, mabati yakipigwa na mvua hata ukisema kitu hausikiki. Siku tatu za raha. Nasema kweli, sijaona raha kama ile, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Siku ya nne koko akafika. Mama alikuwa amemwambia kwamba tuko kule, na mjomba akamvusha. Hakuweza kusafiri pamoja nasi kwa sababu ya baba. Kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kumgusa ni jambo ambalo halitajwi hata kwa mzaha. Koko akipita, baba alikuwa anatoka njiani kabisa anasimama majanini. Ndiyo heshima, na baba aliishika vizuri. Alipomwona kwenye mtumbwi alizunguka nyuma ya nyumba.

Koko alipanda kutoka majini na kapu mgongoni, akaja mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya jiwe, miguu yote miwili, napigapiga maji.

"Toka mule!"

Koko hakuwahi kunipigia kelele. Nilitoka nikakaa chini. Akapiga magoti, akachota maji kwa mikono mpaka jiwe likakauka, akalipapasa. Kisha akatoa kitu kwenye kapu, kimefungwa katika kitambaa. Lilikuwa jiwe dogo la kusagia, lile la kushika mkononi, ambalo sote tulilijua. Aliletwa nalo alipoolewa, kwa sababu lile kubwa lilibaki kwa mama yake na dada zake wadogo waliokuwa bado wanasaga. Akaliweka dogo ndani ya kubwa akalisukuma mara moja. Likaingia mahali pake, likapita mpaka mwisho bila kugonga.

"Hili ni jiwe la mama yangu," akasema. "Mulikuwa munatia miguu mu chakula."

Mama akaziba mdomo. Mimi nikaanza kulia. Koko hakunibembeleza wala hakunipiga. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi ili baba asikie huko nyuma: atasaga mtama kwenye jiwe la mama yake, atawapikia wajukuu uji, kisha ataondoka zake. Mtama alikuja nao. Akaomba majivu, akasugua jiwe siku nzima, akaliosha, akalisugua tena. Akasema unga wa kwanza utatupwa kwa sababu ya miguu yetu, na wa pili utakuwa wa kula. Halafu akakaa hapo hapo, miguu ameinyoosha, amelikumbatia jiwe, mgongo kwenye mlango. Jiwe lilikuwa limeshikwa na simenti, angelihamishia wapi?

Sasa ebu fikiria baba. Mlango ni mmoja, na mama mkwe amekaa ndani yake! Kupita juu yake hawezi, kumwambia asogee hawezi. Baba akaanza kuingilia dirishani. Siku mbili shofere mzima, mtu wa kuheshimiwa mpaka Walikale, alipita dirishani kwenda kulala na kurudi dirishani kwenda kuvua samaki. Mama alimpokelea viatu. Sisi tulikufa kwa kicheko, na mara moja nilimwona koko ameinamisha kichwa juu ya mtama, mabega yanatikisika, naye anacheka. Nilifikiri mambo yamekwisha kuwa mazuri.

Siku ya pili ya kusaga, unga wa kula ulikuwa karibu kumalizika. Mimi nilishika ungo. Sauti ya jiwe juu ya jiwe ilikuwa inakwenda, koko ananung'unika wimbo wake mdogo, maji yanachemka jikoni. Hapo tukasikia watu majini. Mugiriki! Wakati wa mvua, bila kutuma neno, na wageni wawili, mwanamume na mwanamke, wamelowa chapachapa. Wakaja mbio mpaka kwenye barza wakamkuta koko.

"Huyu mama ni nani? Atoke!"

Koko hakuinuka. Akamtazama kutoka chini. "Ngoja, bwana. Imebakia kidogo."

Alisema kidogo, na kweli ilikuwa kidogo. Mikono miwili ya mtama, basi. Wangesimama pale kwenye barza, chini ya mabati, hawanyeshewi tena, wangengoja muda wa kuvuta sigara moja. Watu wa kisiwa walikuwa wamengoja kurudi kwao miaka yote ile, na Mugiriki hakuweza kungoja mikono miwili ya mtama!

Akageuka akamtafuta baba. Baba alikuwa pembeni, kofia mkononi, uso kwenye ukuta ili asimtazame mkwe.

"Shofere! Kazi unaitaka ao hauitaki?"

Nilimtazama baba. Nilijua atasema kitu. Baba yangu aliyesimamisha kamiyo kwenye mlima bila breki, aliyewajibu askari barabarani. Nilingoja. Baba akaja, akainama, akamshika koko makwapani kwa nyuma, akamwinua kama gunia, akamweka matopeni nje.

"Wee! Umemugusa mama!" Mama alipiga ukelele ambao bado ninao masikioni.

Unga ulimwagika. Wageni wakapita, na mwanamke yule, sijui kama alifahamu kitu, akapangusa viatu vyake ndani ya jiwe, kwanza kimoja, kisha cha pili. Halafu akaniona nimeshika ungo, akatabasamu, akanipa bombo, peremende ya Wazungu.

Nikaipokea, rafiki. Nikaifungua karatasi nikaitia mdomoni. Koko yangu yuko chini kwenye mvua, mikono imejaa unga uliogeuka tope, na mimi nanyonya bombo. Miaka imepita, watu wanaona ni mambo ya kitoto. Usiniambie mambo ya kitoto! Nilijua. Nilisikia ule utamu na nilijua.

Tuliondoka siku ile ile. Koko na mama walikwenda na mjomba, sisi watoto na baba kwa mtumbwi mwingine. Baba hakuimba. Koko hakukanyaga tena nyumbani kwetu maisha yake yote. Mama alikaa kwa koko mpaka mavuno, kisha akarudi, akapika, akazaa watoto wengine, lakini baba alipoimba alikuwa anatoka nje.

Baadaye vurugu zilikuja, Mugiriki akafunga duka akaenda zake. Baba akachukua chuma kirefu cha kuvunjia mawe, akaenda kisiwani peke yake, akapiga simenti siku mbili. Jiwe lilitoka vipande viwili. Akabeba kimoja mgongoni, kutoka ziwani mpaka kwa koko, na mimi nilikuwapo alipofika. Akakiweka mwisho wa kiwanja, akageuka akatupa mgongo kama mkwe anavyopaswa, akangoja mjomba amsemee.

Koko alitazama lile jiwe. Kisha akamwambia mjomba, kwa sauti ya kawaida tu:

"Mumwambie mukwe, sikukuwa nataka jiwe. Nilikuwa nataka kumaliza kusaga."

Baba alisikia mwenyewe, hakuhitaji kuambiwa. Aliondoka bila kugeuka. Nilimkasirikia baba mpaka alipokufa, na hata sasa nikimkumbuka na ile honi yake mara mbili, hasira na mapenzi vinakuja pamoja na sijui nianze na kipi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kule. Nyumba imeezuliwa, mabati yamekwenda, simenti nyekundu imeota majani. Hayo niliyaona kwa mbali, kwani kuna bwana mwingine sasa, Mukongomani mwenzangu, naye ana karatasi yake na mlinzi wake mwenye bunduki. "Mama, hapa hapaingiliwi," akaniambia mlinzi, kijana wa kwetu kabisa, anazungumza kama wadogo zangu. Nilikuwa na jiwe dogo la koko katika mkoba. Sikulitoa. Nilirudi nalo, liko hapa jikoni, na halina mahali pa kuingia.

Sasa namjibu binti yangu. Naandika hivi: Foto ni nzuri, watoto wamenenepa, Mungu awalinde. Lakini umwambie mdogo atoe miguu ndani ya jiwe lile. Uwaulize wenyeji lilikuwa la nani na lilisaga nini. Na kama utakuta mwanamke mzee amekaa mlangoni, usimwinue, mwanangu. Mungoje amalize. Kama munasikia baridi, piteni dirishani.