Asiyejibu Kwenye Grupu

Kila asubuhi, kabla hajaanza kazi ofisini, mwandishi mmoja wa programu za kompyuta alizima simu na kuifungia kwenye droo. Vidole vyake vifupi vilibonyeza vitufe taratibu, na akikosea alijisuta kwa sauti ya chini: "Ewe mama, macho unayo?" Siku moja bosi akasimama nyuma yake. "Dada, wenzako wanajibu kwenye grupu la WhatsApp papo hapo, wewe kimya. Kuanzia leo, asiyejibu hana kazi hapa."

"Sasa bosi, wakijibu siku nzima, kazi wanafanya saa ngapi?"

Wenzake wakaguna, macho kwenye simu. Yeye akamalizia sehemu yake ya programu, akaijaribu mpaka ikakubali, akabeba mkoba. "Haya jamani, mimi naondoka." Wote wakamuaga kwenye grupu, wakatuma picha za mikono inayopunga, hakuna aliyeinua kichwa. Hakurudi tena.