Kinyago cha Binti Yangu

Binti yangu alipotolewa mafindofindo na nyama za puani, tulipika pilau, majirani wa Gongoni wakaja kutupa pole na hongera kwa pamoja. Nilidhani tumemaliza. Haikupita miezi mingi mkoromo ukarudi, pamoja na ule ukimya unaofuata mkoromo, ambao ndio unaonitia wazimu. Kila niliyemweleza alinijibu yale yale: "Si alishapasuliwa?" Swali hilo lilinichosha kuliko kukosa usingizi.

Daktari wa Mwanza alimpima akiwa amelala, akasema koo bado linajifunga na pumzi inakatika. Akatupa mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago cha usoni, ivaliwe kila anapolala, hata mchana. Niliipakata njia nzima hadi nyumbani Tabora.

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, hakutaka hata kuiona. Kwake, anayefunikwa uso ni maiti. Mimi nikiwa dukani, mtoto akitoka chuo cha Kurani na kujilaza, bibi anamvua. Tena alishaamua kwamba ugonjwa ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. "Hospitali wamekata vingine vyote, chenyewe wamekiacha," alisema. Nilikataa, nikaeleza, nikakataa tena. Nilikuwa naongea na ukuta.

Mchana mmoja nilirudi nikamkuta mkata kimeo sebuleni, anakunywa chai yangu, kifurushi cha vifaa vyake miguuni. Hasira zilinipanda hadi kichwani. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mtu mzima, kisha nikamfungulia mlango atoke.

Binti alikuwa mkekani, amelala bila kinyago, anakoroma. Ghafla akanyamaza.

"Unaona," mama mkwe akasema, "ametulia mwenyewe."

Nilimshika mkono, nikauweka mbele ya pua ya mjukuu wake. Kifua cha mtoto kilihangaika, lakini mkononi hapakuja hewa. Macho yakamtoka mama mkwe.

"Mbona hapumui?"

"Ndivyo anavyotulia, mama. Kila siku."

Mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala. Mama mkwe akaleta kinyago mwenyewe, akamvisha, kanda zikiwa zimepinda.

"Washa basi, mwanangu."

Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Umeme ulikuwa umekatika, na mashine isiposukuma hewa kinyago hicho kinamziba. Nikanyoosha mkono kukivua. "Usimvue, ataacha kupumua tena!" Mama mkwe akaudaka, akaung'ang'ania, akakataa kuuachia.