Kijiko cha Mama Mdogo

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alipokuja kukaa nasi huku ughaibuni, Hopkins, nilidhani kuonja kwake chakula ni adabu tu. Kwetu Bukoba mwenye nyumba huonja pombe kabla ya kumpa mgeni, ili ijulikane haina sumu. Yeye alionja kila kitu: wali, maharage, hata uji wa binti yangu, na kila mara alingoja kidogo kabla ya kusogeza bakuli. Binti yangu, ambaye anasikia Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, alilalamika kwamba bibi anamtilia mate. Nilimkaripia mtoto, maana mkubwa nilimwogopa.

Ujanani alikuwa mmoja wa wake wa mtawala wa nchi jirani, yule ambaye watu walishusha sauti kumtaja hata wakiwa chumbani mwao. Ukimuuliza habari za huko, alisema mazulia yalikuwa mazuri. Jibu hilo lilinichukiza. Mtu hawezi kuishi na chui akakumbuka mazulia.

Jumapili moja ya theluji akaja mama mmoja wa kanisani, nesi anayeishi Roseville. Alikuwa amesikia mama mdogo aliwahi kuwa mke wa nani; sisi wa huku tuna midomo. Kaka yake alikuwa mpishi katika nyumba ya mtawala yule, na siku moja familia iliambiwa ametorokea ng'ambo. Mama yao, sasa kizee, bado alikuwa akimtandikia kitanda.

"Nakuomba kwa jina la Mungu, mama," alisema. "Kaka yangu yu hai?"

Mama mdogo alikuwa anammiminia chai. Akachota kijiko kimoja kutoka kikombe cha mgeni, akanywa, akangoja. Ndipo akamsogezea.

"Kabla yangu, aliyekuwa akionja ni kaka yako," alisema. "Siku hiyo alionja mchuzi, akasema chumvi imezidi. Bwana mkubwa akacheka. Kisha kaka yako akashika meza, akaanguka. Walimzika nyuma ya jiko. Kesho yake kijiko nikapewa mimi."

Mgeni hakulia. Nilitamani alie.

"Aliposema chumvi imezidi, na wewe ulicheka?"

"Tulicheka sote, mwanangu. Akicheka yeye, unacheka."

Yule mama akavaa koti lake taratibu, kifungo kwa kifungo. "Basi nimpigie mama," alisema, "atandue kitanda." Chai aliiacha vilevile.

Jioni nilipopakua chakula, mama mdogo alinyoosha kijiko kwenye sahani ya binti yangu. Nikamshika mkono.

"Humu hakuna sumu, mama mdogo."

"Najua," alisema. "Lakini lazima mmoja aanze."

Nikamwachia. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Binti yangu alitaka kula, nikamzuia, na Mungu anisamehe, na mimi nikangoja.