Maharage ya Oktoba

Kila alipofika kwenye bustani za mboga za Rågsved, huko Uswidi, kabla hajamwamkia mtu, jirani wa Pélagie, aliyelima bustani iliyopakana na yake, aliinama akaweka mgongo wa mkono juu ya udongo, kama mama anayempima mtoto homa. Alikuwa mwanamke wa Burundi mwenye sauti ya chini na vidole vilivyopasuka, na maharage aliyopanda yalikuwa mbegu ya mwisho kutoka shamba la marehemu mama yake. Ugonjwa ulimchelewesha kupanda, na usiku mmoja tu wa jalidi, ile baridi inayogandisha umande, ungeyaua yote. Lakini Oktoba ile ya 2006 joto liligoma kuondoka. Mzee wa Kiswidi wa bustani ya pili akatikisa kichwa.

“Nilipokuwa mdogo, mwezi huu ardhi ilikuwa imeganda. Miaka inavyokwenda, baridi inazidi kuchelewa. Inanitia hofu.”

Yule mwanamke alichuma ganda kavu, akalitikisa karibu na sikio. Punje zikalia ndani.

“Yamekomaa, dada!” alimwambia Pélagie aliyesimama kando yake, akaketi papo hapo kwenye udongo, akicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akamgeukia mzee. “Hata mimi naogopa, baba. Ila leo niache kwanza nishukuru.”