Shika Geti

Wiki iliyopita nilikwenda Chang'ombe ya hapa Dodoma kuangalia fremu ya duka kwenye jengo jipya, fremu zote zina mageti ya chuma. Nilimkuta mwenye jengo akivutana na mkandarasi wa umeme, mama mmoja aliyevaa buti za kazi. Mwenye jengo alikuwa amemwita aje kuwasha tu, maana wayaringi ilishafanywa na shemeji yake.

“Waya wa ethi uko wapi?” mama aliuliza. “Ule wa kuupeleka umeme ardhini ukivujia kwenye chuma.”

Shemeji ndiye aliyejibu. “Hayo ni mambo ya Dar, dada. Kule ardhi mbichi. Hapa Dodoma pamekauka, umeme hauna pa kupita.”

Mwenye jengo akaitikia kwa kichwa. “Washa, mama. Wapangaji wanasubiri.” Akaninyooshea kidole.

Mama hakubisha. Alifungua boksi la swichi kuu, akaweka kidole juu ya swichi.

“Haya, nawasha. Shemeji, shika hilo geti.”

Shemeji alilitazama geti, kisha akazitazama kandambili zake.

“Si ushike,” mwenye jengo alimwambia taratibu. “Umesema hauna pa kupita.”

Shemeji akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

Mwenye jengo akamgeukia mama, akamuuliza ataanza lini kuing'oa wayaringi ya shemeji.

Mimi fremu bado natafuta. Ila siku hizi sianzi na kodi. Namwomba mwenye jengo ashike geti, halafu natulia nikiitazama mikono yake.