Hakuna Mzizi

Jirani anachoma magunzi ya mahindi tangu asubuhi, na moshi wake umeninyima utulivu. Nimefunga dirisha, nikalifungua, nikalifunga tena.

Moshi huo ndio uliojaa jikoni kwa nyanya, kijijini Kabuchai, mvua ikipiga mabati nasi watoto tukicheza safari. Mmoja wetu alisimulia njia, wengine tukasema wasafiri wetu wanafanya nini. Dada yangu aliposimulia, hakuna aliyekufa. Ukianguka mtoni alikutazama usoni, na mara mzizi ukatokea wa kushika.

Kisha shangazi akaja kukaa nasi kutoka upande wa Kitale, na godoro moja na mwanawe. Binamu huyo alisimulia kwa dadu. Ukitoa sita unavuka, ukitoa moja umekufa.

Nilirusha, ikatoka moja.

"Umekufa," alisema.

"Si umpatie mzizi, bana," dada akamwambia. "Huu ni mchezo tu."

"Hakuna mzizi."

"Ati kwa nini? Si ni wewe unasimulia?"

Binamu aliiokota dadu, akaipangusa jivu kwa shati. "Baba pia alikuwa anavuka mto," alisema. "Mimi nilikuwa nimefika ng'ambo, namwona."

Mvua ilizidi. Nilitamani kutoka nikimbie, popote. Dada alimtazama binamu usoni kwa muda mrefu.

"Sasa nasimulia mimi," akasema polepole. "Baba yako yuko katikati ya mto. Sema anafanya nini."

Shangazi, aliyekuwa akichochea magunzi mekoni, aliacha kuchochea, akangoja jibu.