Kiumia na Ufunguo wa Kaakaa

Jumatatu, Julai 1956, Thika. Ukungu tangu alfajiri, na manyunyu. Ndiyo siku niliyoanza kazi kwenye kliniki ya meno, fundi wa kutengeneza mabamba ya mdomoni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali mnisahihishe.

Daktari alikuwa akilinganisha njia mbili za kupanua kaakaa la watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Mdomo ukishashonwa, kovu hulibana taya la juu, na meno ya juu huuma kwa ndani ya yale ya chini. Njia moja ni bamba lenye skrubu katikati, ambayo mzazi huizungusha nyumbani kwa ufunguo mdogo. Nyingine ni bamba lenye springi ya waya, na hiyo niliitanua mimi kila wiki. Msichana wa Makongeni, jirani yetu, alipewa waya. Wanjiru wa Ruiru alipewa skrubu, maana mama yake alichuma kahawa na ruhusa alipata mara moja kwa mwezi.

"Mwambie robo mzunguko, mara mbili kwa wiki," Daktari aliniagiza.

Mimi ni Mluhya, Kikuyu nilikiokota sokoni. Nikamwambia mama: mara mbili, kiumia.

Mwezi ulipokwisha bamba halikuingia, na Wanjiru akalia.

"Skrubu imeshindwa," Daktari akasema. "Tumtie waya, aje kila wiki."

Mama akakaza kitambaa chake cha kichwa. "Kila wiki siwezi. Basi tuache."

Nikamuuliza, "Mama Wanjiru, ulikuwa ukizungusha siku gani?"

"Si ulisema kiumia? Jumapili tukitoka kanisani, mara mbili papo hapo. Akilia namtolea bamba mpaka Jumatano."

 Kwa Kikuyu kiumia ni wiki, lakini pia ni Jumapili. Ningenyamaza, skrubu ingebeba kosa langu na mtoto angekosa matibabu. Nikakiri.

Daktari akanitazama. "Niliajiri fundi au mhubiri?" Kisha akairudisha skrubu nyuma. "Jumatatu robo, Alhamisi robo."

Kufikia Krismasi meno ya Wanjiru yalikutana. Lakini nisiuonee waya: ulipanua zaidi mbele, ambako mbano huwa mkali, na skrubu ikapanua mbele na nyuma sawasawa. Bamba lolote ukilitoa mapema, kaakaa hurudi kubana. Tangu nistaafu huulizwa ipi bora. Sina hakika. Mimi huuliza kwanza mgonjwa anakaa wapi.

Jioni ile ya kukiri, mke wangu alicheka mpaka akaacha mwiko. Akaonyesha sufuria. "Na hii, Baba Ayubu, kwa Kikuyu inaitwaje?"

"Sijui," nikasema.

Tukala ugali na mboga ya mrenda.